Kengele ya Kisauni na Kilima cha Rabai: Mahali Waliovunjika Walipojengwa Upya

Msomaji, ukitoka kisiwani Mombasa kwa njia ya Daraja la Nyali na kushika barabara iendayo Malindi, hutakwenda mbali kabla hujafika mahali paitwapo Kengeleni. Makondakta wa matatu hulitaja jina hilo kwa kelele mchana kutwa, na abiria hushuka na kupanda, kila mtu na haja yake. Ni wachache waulizao ni kengele gani hiyo iliyopatia mahali hapo jina. Mimi nami nilipita hapo miaka mingi bila kuuliza, mpaka mwezi wa Agosti uliopita, nilipokwenda kwa makusudi nikiwa na ndugu yangu mdogo.

Yanipasa kueleza kwanza sababu ya safari yetu. Ndugu yangu alikuwa karani wa chama cha wakulima huko kwetu Taita. Alikuwa na mwandiko mzuri, na wazee walimwamini. Kisha ulevi ukamshika. Ulianza kwa kula mshahara wake, na mshahara ulipokwisha ukaanza kula fedha za watu. Alihukumiwa, akafungwa miezi 18. Alipofunguliwa alirudi nyumbani, lakini kifungo nacho kilirudi pamoja naye. Alikuwa akienda shambani kabla watu hawajaamka, na kurudi giza limeingia, ili asikutane na mtu njiani. Kanisani hakukanyaga. Siku moja mama alipomsihi sana, alimjibu maneno ambayo mama hakuweza kuyasahau. Alisema, "Mama, mimi ni gae. Chungu kikivunjika, hakuna atekaye maji kwa gae."

Mama akaniita kando, akaniambia, "Mwanangu, mchukue mdogo wako mwende mkatembee. Hapa kila jiwe linamjua."

Basi nikakumbuka kitabu nilichokisoma zamani nilipokuwa shule, kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichoandikwa na James Mbotela na kuchapishwa mwaka 1934. Kitabu hicho chasimulia habari za watu walionyakuliwa makwao, wakafungwa minyororo, wakauzwa, na baadaye wakaletwa huru katika pwani ya Mombasa. Nikasema moyoni, ikiwa kuna watu waliovunjwa kuliko hao, mimi siwajui. Twende tukaone walijengwaje tena. Tukapanda basi, tukalala kwa shemeji yetu Changamwe, na asubuhi yake tukavuka kwenda Kisauni.

Mnara wa kengele wenyewe si mkubwa. Mgeni aliyezoea majengo marefu ya siku hizi aweza kuupita bila kuuona, maana umezungukwa na maduka, magari, tuktuk na wachuuzi. Lakini hapo kale kengele hiyo ilikuwa mlinzi. Ililizwa kuwaonya wakazi wakati hatari ilipokaribia, maana walikuwako waliotaka kuwakamata na kuwarudisha utumwani. Fikiri, msomaji, maisha ya mtu ambaye amekwisha kuwa huru, ana jembe lake na nyumba yake, lakini hulala sikio moja likiisikiliza kengele. Ndugu yangu aliitazama kwa muda mrefu asiseme neno. Nadhani alielewa upesi kuliko mimi, kwa kuwa yeye naye alikuwa mtu huru aliyelala hivyo.

Habari ya mji huo ni hii. Tarehe 5 Juni 1873, Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alitia sahihi mkataba wa kukataza biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini mkataba ni karatasi, na wenye tamaa hawaogopi karatasi. Majahazi yaliendelea kupita usiku yakiwa yamejaa watu, na manowari za Kiingereza zikawa zikiyafukuza na kuyakamata. Ndipo likazuka swali ambalo watu hawakulifikiria sana: mtumwa akiisha kufunguliwa, aende wapi? Wengi walikuwa Wayao, Wamakua na watu wa pande za Ziwa Nyasa. Kwao kulikuwa mbali mno, na njia ya kurudi ndiyo ile ile ya washikaji. Vijiji vya wengine vilikuwa vimechomwa moto. Wako waliochukuliwa wadogo hata hawakujua jina la kijiji chao.

Kwa sababu hiyo Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, kijulikanacho kwa jina la CMS, kilimtuma Padre William Salter Price, naye mwaka 1875 akaanzisha makao ya watu hao huko Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Makao yakaitwa Freretown, kwa jina la Sir Bartle Frere, balozi aliyepelekwa Unguja mwaka 1873 kuuhimiza mkataba ule. Bwana Price hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Alikuwa amekwisha kuwalea Waafrika waliokombolewa huko Nasik, katika Bara Hindi, ambako vijana walifundishwa kusoma pamoja na kazi za mikono, kama useremala na uhunzi.

Sasa, msomaji, nakuomba utulie hapa kidogo, maana hapa ndipo penye mafundisho. Sisi Wakristo twapenda kusimulia siku ya wokovu kana kwamba kazi yote huisha siku moja: pingu zimekatwa, mtu ameimba, yamekwisha. Freretown yaonyesha kwamba kukatwa kwa pingu kulikuwa kazi ya saa moja, na kumrudisha mtu katika utu wake kulikuwa kazi ya miaka. Mtu aliyeteremka kutoka chomboni alikuwa mifupa mitupu. Wengine walikuwa na vidonda, wengine walikufa siku chache baada ya kushuka. Aliyepona alikuwa hana ndugu, hana lugha ya kusemezana na jirani, hana kazi ila ile ya kuamriwa. Neno "nataka" lilikuwa limekufa kinywani mwake.

Alipewa nini basi? Alipewa mahali pa kujenga nyumba na mahali pa kulima. Alipewa jembe. Watoto walitiwa shuleni. Waliotaka kuoana walioana, wakawa mume na mke ambao hapana bwana awezaye kuwatenganisha kwa kuuza mmoja. Kiswahili kikawa lugha ya wote, Myao na Mmakua na Mnyasa wakaweza kuombana chumvi. Na wale waliobatizwa walipewa jina. Jambo la jina si dogo. Mtumwa huitwa apendavyo bwana wake. Lakini mbele ya kisima cha ubatizo aliulizwa jina lake, likatamkwa mbele ya watu, likaandikwa kitabuni. Karani asomaye gazeti hili ajua maana ya jina kuandikwa kitabuni. Mtu ambaye jana alihesabiwa pamoja na pembe za ndovu, leo ana mstari wake mwenyewe.

Lakini sitaki nikudanganye kwamba Freretown ilikuwa peponi. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 yalitokea malalamiko makubwa juu ya viboko na adhabu walizopewa wakazi na wasimamizi wa misheni, mpaka habari zikafika Uingereza na uchunguzi ukafanywa. Watu waliotolewa chini ya kiboko walikikuta kiboko tena mikononi mwa wale waliowahubiri upendo. Hilo ni jambo la aibu, na halifai kufichwa. Nilipomsimulia ndugu yangu aliniuliza, "Kaka, mbona basi hawakuiacha imani hiyo?" Sikuwa na jibu la haraka. Baadaye nilimwambia ninavyofikiri: kwamba waliweza kutofautisha kati ya Mungu na watumishi wake. Walikuwa wamejifunza kwamba yuko Bwana mmoja ambaye naye alifungwa, akapigwa, na bei yake ikalipwa kwa vipande vya fedha. Huyo hawakuweza kumdhania kwamba yu upande wa mwenye kiboko.

Tulizunguka Kisauni asubuhi ile, tukapita Kanisa la Emmanuel, tukakaa chini ya mti kunywa madafu. Ndugu yangu akauliza tena, "Je, wako waliofika mbali?" Nikamwambia habari za Matthew Wellington.

Huyu alikuwa Myao, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Chengwimbe. Alinyakuliwa akiwa mtoto, akauzwa, akatiwa katika jahazi, na manowari ikalikamata jahazi hilo baharini. Akapelekwa Nasik, akasoma, akabatizwa. Mwaka 1872 alichaguliwa pamoja na vijana wenzake wa Nasik kupeleka msaada kwa Dokta David Livingstone, aliyekuwa bara. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo mwezi wa Mei 1873, watu wake wakiongozwa na Susi na Chuma walikata shauri la ajabu. Walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua kwa miguu mpaka Bagamoyo, safari ya miezi mingi katika nchi ya njaa, homa na hatari. Walifika Februari 1874, na mwezi wa Aprili Livingstone akazikwa London, katika kanisa la Westminster. Jacob Wainwright, kijana mwingine wa Nasik, alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza siku hiyo. Matthew Wellington alirudi pwani yetu, akafanya kazi Mombasa, akaishi mpaka uzee mkubwa, akafa mwaka 1935.

Hebu tazama. Mtoto aliyetembezwa pwani kwa nguvu akiwa mzigo wa mtu, alitembea tena njia za bara kwa hiari yake, akichukua mzigo wa upendo. Miguu ni ile ile, lakini mtu alikuwa amejengwa upya.

Na si yeye peke yake. Katika Freretown walitoka walimu, makarani na mafundi waliotawanyika katika nchi nzima. Chuo cha makasisi kilichoanzishwa hapo mwaka 1903 kilihamia Limuru mwaka 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo. Tena Wakenya wote wa rika langu waliijua sauti ya Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyefariki Februari 2025. Naye alikuwa mzawa wa Freretown, wa ukoo ule ule wa Mbotela. Kwa miaka mingi aliongoza kipindi cha redio kilichoitwa "Je, Huu ni Ungwana?" Msomaji, wewe ujuaye Kiswahili fikiri neno hilo. Zamani mwungwana ni mtu asiyekuwa mtumwa. Watu wa pwani walihesabu ungwana kwa kuzaliwa, na mtoto wa mtumwa hakuutamani. Lakini mtoto wa ukoo uliotolewa katika minyororo ndiye aliyekaa redioni akaliuliza taifa zima, wenyeji na wakubwa, kama mwenendo wao ni wa kiungwana. Ndugu yangu aliposikia hayo alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu arudi.

Kabla ya kuondoka pande zile tulishuka kuelekea baharini, kwenye ukumbusho wa Dokta Johann Ludwig Krapf na kaburi la mkewe Rosine. Krapf, Mjerumani aliyetumwa na CMS, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa Julai mwaka huo huo homa ilimchukua mkewe, na siku chache baadaye mtoto wao mchanga akafa. Yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa hata hakuweza kusimama vema. Mtu mwingine angepanda chombo cha kwanza arudi kwao. Krapf alikaa, akajifunza Kiswahili, akaanza kutafsiri na kutunga kamusi, na mwaka 1846 akapanda Rabai pamoja na mwenzake Johannes Rebmann. Nikamwonyesha ndugu yangu kwamba kazi yote tuliyoiona ilianza juu ya kaburi. Nasi tukakata shauri la kwenda Rabai kesho yake.

Rabai ni kiasi cha kilomita 20 kutoka Mombasa. Watu hushika barabara ya Nairobi mpaka Mazeras, kisha huacha njia kuu na kuingia upande wa kulia. Nchi ni ya vilima vya kijani, na minazi imesimama kila mahali. Hapo ndipo palipokuwa na jaribu ambalo sikulifikiria nilipopanga safari. Rabai ni nchi ya tembo la mnazi, na wagema wake wasifika tangu zamani. Tulipokuwa tukitembea, mgema mmoja aliteremka mtini na kibuyu chake, na wazee waliokuwa wamekaa kivulini wakatukaribisha kwa ukarimu wa kwao: "Karibuni wageni, mkate kiu." Mmoja akanyosha kata iliyojaa povu.

Nilimtazama ndugu yangu. Alisimama. Harufu ilikuwa imemfikia, nami niliona koo lake likimeza mate. Sikusema neno, kwa kuwa niliona kwamba nikisema mimi, nitakuwa nimejibu mimi. Baada ya kitambo alisema, "Ahsanteni, wazee wangu. Mimi sinywi." Mzee akasema, "Haya, mwanangu, si lazima," akainywa mwenyewe. Tukaendelea. Kwa mwendo wa hatua kama mia ndugu yangu alitembea amekunja vidole vyake kwa nguvu. Nilijua tangu hapo kwamba Mungu alikuwa akifanya kazi, lakini nilijua pia kwamba ilikuwa ngumu, nayo itarudiwa kesho na kesho kutwa.

Tulipofika kileleni tuliliona Kanisa la Mtakatifu Paulo, lililojengwa mwaka 1887, pamoja na nyumba ya makumbusho na nyumba walizokaa wamisheni. Karibu nao umo msitu wa kaya ya Warabai, mahali patakatifu pa wazee wa Kimijikenda, na tangu mwaka 2008 kaya hizo zimeandikwa katika urithi wa dunia. Katika kilima hicho Krapf na Rebmann walihubiri miaka mingi kwa matunda machache sana. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu mwenye kilema, aliyebatizwa mwaka 1851 akiwa karibu na kufa. Angalieni jambo hilo. Ujenzi wa Kanisa katika nchi yetu haukuanza kwa mfalme wala kwa tajiri. Ulianza kwa mtu ambaye mwili wake ulikuwa umepinda, na siku zake zilikuwa zimekwisha. Rebmann alikaa miaka 29 bila kurudi kwao. Macho yake yaliyouona mlima Kilimanjaro mwaka 1848 yalipofuka, naye akaondoka mwaka 1875 akiongozwa kwa mkono. Kwa macho ya watu alikuwa ameshindwa. Lakini mwaka aliondoka ndio mwaka Freretown ilipoanzishwa.

Rabai ndipo pia alipofanya kazi William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani, akalelewa Nasik, akaja huku mwaka 1864 pamoja na wenzake Ishmael Semler na George David. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimfanya Jones na Semler kuwa mashemasi, kisha akamchukua Jones katika safari ya Uganda. Hannington alitangulia na watu wachache, akauawa Busoga mwezi wa Oktoba 1885. Jones alibaki na msafara bila kiongozi. Aliwakusanya watu waliobaki, akawarudisha kwa miguu mpaka Rabai, wakafika mwanzoni mwa mwaka 1886 wakiwa taabani. Mbele yao walichukua bendera ya buluu iliyoandikwa kwa herufi nyeupe neno moja la Kiebrania, Ichabodi, yaani utukufu umeondoka.

Hata hivyo Jones hakuondoka Rabai. Katika miaka ile watoro waliwakimbia mabwana wao na kukimbilia misheni, nao wakapewa hifadhi. Walipokuwa wengi, mabwana wao wa pwani walikasirika wakatisha kuja kuwatwaa kwa silaha. Mwisho, mwaka 1888, George Mackenzie wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alifanya mapatano: wenye watumwa walipwe riale 25 kwa kila kichwa. Fedha zilichangwa, zikafika yapata pauni 3,500, na tarehe 1 Januari 1889 watu wakakusanyika Rabai, na hati za uhuru zikagawanywa. Waliokombolewa, hapo Rabai na katika misheni nyingine, walikuwa zaidi ya 1,400.

Mwenye haki moyoni atasema: mbona alilipwa bwana, na mtumwa hakulipwa hata pesa moja kwa miaka yake iliyoibiwa? Ni kweli, na dhuluma hiyo haikufidiwa. Lakini kwa yule aliyesimama pale siku ile ya mwaka mpya, neno "kukombolewa" halikuwa neno la mahubiri tu. Alijua ni riale ngapi. Aliposikia kanisani kwamba yuko aliyemlipia fidia ya nafsi yake, hakuhitaji kufafanuliwa.

Tulipokuwa tumesimama nje ya kanisa, bibi mmoja mzee alikuwa akifagia majani. Tukamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu. Mwatoka wapi?" Tukamwambia. Akaacha ufagio, akakaa juu ya jiwe, akatusimulia kwamba mmoja wa wazee wake alifika hapo mtoro, usiku, na alama ya kamba shingoni.

"Alama hiyo haikutoka mpaka akazikwa," alisema. "Watoto wake waliigusa kwa vidole wakimwuliza, naye aliwaambia. Hakuwaficha."

Ndugu yangu akamwuliza, "Bibi, na watu hawakumcheka?"

"Walimcheka," akajibu. "Mwenye kucheka hakosekani. Lakini walikuwako na wengine waliompa mbegu." Kisha akamkazia macho, akasema, "Nawe, mjukuu wangu, mbona u mnyonge hivyo?"

Sijui ni kwa sababu bibi alikuwa mgeni, au ni kwa sababu ya ile alama ya shingoni, lakini ndugu yangu alimweleza yote: karani, fedha, ulevi, kifungo. Akamaliza kwa lile neno lake la gae.

Bibi alicheka kicheko cha watu wa jikoni. "Kwani kwenu hakuna wapishi? Chungu kikivunjika gae hatulitupi. Nikitaka moto kwa jirani, nachukua gae. Nani atatia makaa katika chungu kizima? Kweli, maji gae haliteki. Lakini moto wa nyumba hii asubuhi ya leo umekuja juu ya gae."

Ndugu yangu hakujibu. Aliinuka, akaingia kanisani peke yake, akakaa kiti cha nyuma kabisa. Mimi nilibaki nje na bibi, nikamsaidia kukusanya majani. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka hakunieleza kitu, nami sikumwuliza.

Tulirudi Taita. Ningependa kukuambia, msomaji, kwamba watu wote walimpokea kwa shangwe, lakini haikuwa hivyo. Wako wasiomsalimu mpaka leo, na baadhi yao wana haki, maana fedha zilikuwa zao. Yeye mwenyewe alikwenda mbele ya wazee wa chama akaomba aruhusiwe kulipa deni kidogo kidogo kwa mauzo ya kabichi na nyanya zake. Wazee walibishana sana, kisha wakakubali. Mwisho wa kila mwezi hupeleka alichopata. Mara ya kwanza mweka hazina alihesabu noti mbele yake mara mbili, kama afanyavyo mtu aliyekwisha kuumwa na nyoka. Mara ya tatu hakuhesabu mara mbili. Mara ya tano, mzee huyo alifungua kitabu cha stakabadhi, akakisukuma upande wa pili wa meza pamoja na kalamu, akasema, "Andika wewe, mwanangu. Mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu. Mimi nitatia sahihi."

Ndugu yangu aliniambia kwamba mkono ulimtetemeka hata herufi ya kwanza ikaharibika. Deni bado ni kubwa. Jumapili hizi huenda kanisani, na hukaa nyuma.

Nimeandika haya kwa ajili ya aina mbili za watu. Kwanza ni wewe uliyevunjika, ukidhani Mungu hana kazi nawe. Nenda Kengeleni, nenda Rabai, uone ni watu gani aliowachagua, na kwa miaka mingapi alifanya kazi nao. Alama ya kamba haikuondolewa shingoni, lakini mtu aliwekwa huru naye akazaa watu huru. Pili ni wewe uliye mzima, unayekaa karibu na mtu kama huyo. Mwenyezi Mungu aweza yote, lakini tuliyoyaona huko pwani yaonyesha kwamba mara nyingi hupenda kutumia mikono ya watu: mmoja atoe jembe, mwingine mbegu, mwingine aandike jina kitabuni, na mwingine asukume kalamu upande wa pili wa meza. Usijiulize tu kama Mungu atamrudisha ndugu yako. Jiulize pia kalamu yake i kwa nani.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na Mhunzi wetu bado yumo kiwandani mwake.